Mjomba Akujibu: Chupa Yako, Meli Yao

Kwa kawaida safu hii hushughulika na mahari, mawifi na majirani wenye majogoo wasiojua saa. Mwezi huu barua zimenuka pombe, na nadhani wa kulaumiwa ni Galveston. Tangu ndugu zetu wa Texas wagundue kwamba meli za kitalii hung'oa nanga pale kila wiki, mwendo wa saa moja tu kwa gari kutoka Houston, hakuna chama wala kamati ya harusi isiyopanga safari ya Karibiani. Na Mswahili akishalipa nauli, haoni kwa nini alipe tena ili alewe. Haya, tusome.

*Shikamoo Mjomba. Mimi na mama watoto tumelipia safari ya usiku tano, kwenda Cozumel na kurudi. Rafiki aliyetutangulia anasema kokteli moja melini ni dola 14, na juu yake wanaongeza bakshishi ya asilimia 18 bila kukuuliza. Nimenunua chupa mbili za dawa ya kusukutua, nimemwaga dawa, nimetia vodka na matone ya rangi ya kijani. Je, nitafika? — Mwenye Kiu, Houston.*

Marahaba, mpwa wangu. Wewe utafika. Vodka itabaki Galveston.

Hila ya dawa ya kusukutua ni kongwe kiasi cha kuwa na wajukuu. Wanausalama wa bandarini wanaijua, pamoja na ndugu zake wote: chupa ya shampuu, tyubu ya mafuta ya jua, darubini ambayo ndani ni tupu. Kuna waliokuwa wakitia pombe kali kwenye chupa za maji ya kunywa na kuzifunga upya kwa ustadi wa kiwandani. Matokeo yake, mwaka 2015 kampuni za Carnival na Norwegian zilipiga marufuku abiria kupanda na maji ya chupa. Wajanja wachache wakanywa, na bibi wa watu anayetaka kumezea vidonge vyake akanyang'anywa maji.

Nakusikia ukisema utanunua vile vifuko laini vya plastiki viitwavyo Rum Runners, vinavyojikunja kati ya nguo. Mpwa, hivyo sisi tunavifahamu. Ni viroba! Tanzania iliviharamisha Machi 2017, Uganda ikafuata 2019, kwa sababu vilikuwa vimejaa mifukoni mwa bodaboda na wanafunzi. Leo Mmarekani anatoa fedha kununua kiroba kitupu ili akajaze mwenyewe nyumbani. Tuliwahi kuwa mbele ya ulimwengu na hatukujua.

Acha nikueleze kitakachotokea, kwa maana watu hudhani watafungwa pingu, na hakuna pingu. Begi lako litapita kwenye mashine ya mionzi. Kijana aliyeketi pale ana maelfu ya mabegi ya kukagua kabla ya meli kuondoka, na kioevu kilichofichwa kinamwonekea wazi. Hatakuita. Ataliweka begi kando. Jioni wenzako watakuta mizigo yao mlangoni, ninyi mtakuta sakafu. Utaelekezwa ofisi ya usalama, na huko utapanga foleni na akina mama waliokamatwa na pasi na birika za umeme, maana navyo havitakiwi kwa kuhofia moto. Utafungua begi mbele ya watu. Vodka itamwagwa bila fidia. Na muda wote huo mama watoto amesimama kando yako na jinzi za safari, kwa sababu gauni lake la chakula cha jioni liko ndani ya begi hilohilo, na sasa linanukia mnanaa.

Tena ungeweza kupita mlango wa mbele. Carnival na Royal Caribbean humruhusu kila mtu mzima, miaka 21 na zaidi kwa meli zinazoondoka Marekani, kupanda siku ya kwanza na chupa moja ya mvinyo au shampeni, mililita 750, haijafunguliwa. Usiitie kwenye begi kubwa. Ishike kwenye mzigo wa mkononi na uionyeshe bila aibu. Norwegian haihesabu chupa za mvinyo, ila kila moja inalipiwa dola 15. Disney, ambao ungedhani ni watu wa maziwa na biskuti, ndio wakarimu kuliko wengi: chupa mbili za mvinyo au bia sita kwa kila mtu mzima, na ruhusa hiyo inarudi upya katika kila bandari. Viking wanakuacha upande hata na pombe kali na hawakutozi kitu, lakini nauli yao inatosha kununua kiwanda. MSC hawataki hata tone. Kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo zisome tena wiki ya safari.

Sasa hesabu. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano. Ninyi ni wawili, chupa mbili, glasi kumi. Usiku ni tano. Kila mmoja ana glasi yake kila jioni bila kumwomba mtu. Nunua mvinyo wa kifuniko cha kuzungusha ili usihangaike na kizibuo. Friji nyingi za vyumba vya melini ni makabati yenye taa tu, kwa hiyo mwombe mhudumu wa chumba ndoo ya barafu na glasi mbili. Havilipiwi, ila mkumbuke siku ya mwisho. Mnywe chumbani. Mkiibeba chupa hadi mgahawani, Carnival watawatoza kama dola 15 kwa kuifungua, na hapo mmeshamrudishia mwenye baa sehemu ya ushindi wenu.

Kwa nini wanabana hivi? Watakwambia ni usalama, na si uongo: mhudumu wa baa anaweza kumkatalia mlevi, chupa iliyofichwa kabatini haiwezi. Ila nauli uliyoifurahia kwa urahisi wake haiendeshi meli peke yake. Katika kampuni hizi kubwa, karibu theluthi ya mapato hutoka kwenye vinavyouzwa safarini: baa, kasino, matembezi ya bandarini, picha ulizopigwa ukiwa hujajiandaa. Umealikwa kwa bei nafuu ili ufike ukiwa na kiu.

*Kaka Mjomba, mwanangu anasafisha vyumba kwenye meli ya kitalii. Dada yangu na mumewe wanaoishi Dallas watapanda meli hiyohiyo mwezi wa kumi na mbili. Shemeji anataka mwanangu ampokee chupa tatu za wiski bandarini, azipitishe mlango wa wafanyakazi. Anasema damu ni nzito kuliko maji. — Mama Kijana, Likoni.*

Dada yangu, hapa sicheki.

Unakumbuka kijana alivyoipata kazi hiyo: pasipoti, kitabu cha baharia, cheti cha mafunzo ya usalama melini, vipimo vya daktari, kisha foleni ya ubalozi kutafuta viza ya C1/D. Ukoo mzima ulichanga. Mlango wa wafanyakazi nao una ukaguzi, na wengine watakwambia ni mkali kuliko wa abiria. Wafanyakazi hupimwa pumzi wakati wowote. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, baada ya marekebisho ya Manila ya 2010, unaweka ukomo wa asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu kwa maofisa na mabaharia wanaotekeleza kazi za usalama, na kampuni nyingi zinabana zaidi ya hapo. Msafisha vyumba naye amepangiwa kituo cha kuongoza abiria siku ya hatari. Akinaswa amembebea abiria pombe, hataulizwa ukoo wake. Atateremshwa bandari inayofuata na kurudishwa nyumbani.

Mwambie shemeji hivi: wiski ya baa haitamshinda mtu mwenye mshahara wa Dallas. Na akirudia maneno ya damu na maji, mkumbushe kwamba chupa tatu alizotaja hazina hata kimoja kati ya hivyo viwili.

*Mjomba, baba mkwe amekuja kututembelea kutoka nyumbani na mvinyo wa Dodoma, Konyagi mbili na kidumu cha mnazi. Kipi kinapanda? — Mpenda Vya Kwetu, Minneapolis.*

Mvinyo wa Dodoma unapanda, kama chupa ni ya mililita 750 na haijaguswa. Ni zabibu halali, na natamani nione sura ya Mmarekani akisoma lebo. Konyagi ni pombe kali. Itazuiwa pamoja na wiski za matajiri, bila ubaguzi. Ama mnazi, hata bila meli ulikuwa umeshakufa. Mnazi hauachi kuchacha kwa sababu umepanda ndege. Ukiufunga sana unapasua chombo, ukiulegeza unamwagikia suti za watu, na ukifika salama ni siki. Utie kwenye kachumbari.

*Mjomba, mume wangu ni mzee wa kanisa na hagusi pombe. Mimi, tuseme, nagusa. Nataka kununua kifurushi cha vinywaji, nimeambiwa lazima na yeye anunuliwe. Huu si wizi? — Jina Tafadhali Lisitajwe, Arlington.*

Si wizi, ni uzoefu. Wamejua kwamba kifurushi kimoja chumbani hulewesha watu wawili, ndiyo maana Carnival na Royal Caribbean huwataka watu wazima wote wa chumba kimoja wakichukue pamoja. Wakati mwingine hulegeza kwa mjamzito au mwenye sababu ya kiafya, ukipiga simu mapema. Uzee wa kanisa sijasikia ukikubaliwa.

Tuseme bei ni dola 70 kwa mtu kwa siku, na inaweza kuzidi hapo. Watu wawili, siku tano: dola 700, na bakshishi juu yake. Kwa kokteli za dola 14 hizo ni kokteli 50. Mzee atakunywa juisi na soda, ambazo nazo zimo kwenye kifurushi, lakini juisi haitaokoa hesabu. Mzigo unabaki kwako: kokteli kumi kwa siku, siku tano mfululizo, mbele ya mzee wa kanisa. Carnival huweka kikomo cha vinywaji 15 vya pombe kwa siku, kwa hiyo kikanuni nafasi unayo. Kuhusu ini, nakuachia wewe.

Ninyi mnahitaji chupa ya mvinyo kila mmoja, kama nilivyomweleza Mwenye Kiu. Naye mzee abebe ya kwake. Hailazimiki aliyeibeba awe ndiye mnywaji, na kubeba mzigo wa mkeo hakujawahi kumfukuzisha mtu kanisani.

*Mjomba, nimenunua tekila Cozumel, kwa risiti. Nilipopanda meli wakaichukua! Nilitaka kumpa yule kijana wa usalama chai kidogo anirudishie, mke wangu akanikanyaga mguu. Nimeibiwa? — Mwenye Uchungu, Katy.*

Hukuibiwa, mpwa. Pombe unayonunua bandarini, au hata kwenye duka la melini lisilotoza ushuru, huwekewa lebo yenye namba ya chumba chako na kutunzwa stoo hadi mwisho wa safari. Utaipata usiku wa mwisho au asubuhi ya kushuka. Tunza kile kikaratasi ulichopewa. Najua ulikikunja kwa hasira ukakitia kwenye kaptura iliyokwenda kufuliwa, kakitafute.

Ukishuka Galveston usikimbilie gari. Forodha ya Marekani humruhusu mkazi mwenye miaka 21 kurudi na angalau lita moja bila ushuru. Lakini kuna meza nyingine ambayo watu huisahau: maofisa wa tume ya vileo ya jimbo la Texas huwa palepale kituo cha meli, na wao hutoza kodi ya jimbo kwa kila chupa, hata kama forodha imekusamehe. Kiasi si kikubwa. Kinachouma ni kulipia tekila ileile kwa watu wawili, na bado hujaionja.

Na kama una mgeni atakayeunganisha ndege Houston, chupa iende kwenye begi linalopimwa, si la mkononi. Tekila ya kawaida inaruhusiwa hadi lita tano. Iliyozidi asilimia 70 ya kileo hairuhusiwi kabisa.

Mama mtu alifanya vyema kukukanyaga. Hiyo chai uliyotaka kumpa kijana iko ghorofa ya juu, kwenye bafe, bure, na maziwa yake ya paketi. Kanywe wewe.