Barua ya Wazi kwa Wenye Kugawa Namba za USB

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa USB Implementers Forum, Beaverton, Oregon, Marekani.

Naomba idhini ya kuwashughulisha kidogo mintarafu ya kifaa nilichokiunda, kipima joto kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, ambacho kimekwisha kutimia kwa kila namna: chipu imelehemewa vizuri kwenye bodi, programu inakwenda bila kukwama, na draiva imeandikwa hadi mstari wa mwisho. Hakuna kinachokizuia kutoka nje kikauzwe ila jambo moja, nalo ni kwamba hakina jina mbele yenu.

Wako watakaoisoma barua hii ambao kwao USB ni tundu la kuchajia simu tu, na hao watataka kujua jina hilo ni la nini. Kifaa kinapochomekwa, miongoni mwa mambo ya kwanza kompyuta hukiuliza kuwa ni nani, nacho hujibu kwa maelezo ya baiti 18, ambamo baiti ya tisa na ya kumi hubeba namba ya mtengenezaji, na mbili zifuatazo hubeba namba ya bidhaa, tena kila namba huandikwa kinyumenyume, nusu yake ya mwisho ikitangulia, kwa sababu ambazo wahandisi huziona bayana na watu wengine hawazioni. Kwa namba hizo mbili kompyuta hujua iite draiva ipi. Ya bidhaa fundi hujichagulia mwenyewe. Ya mtengenezaji ni milki yenu, na asiye mwanachama huinunua kwa dola 6,000, ilhali atakaye uanachama hulipa dola 5,000 kila mwaka.

Nami si katika wale wasemao kwamba bei hiyo ni ghali. Nimepiga hesabu kwa insafu, nikaona kuwa anunuaye namba moja ya mtengenezaji hupata chini yake nafasi za bidhaa 65,536, yaani kila nafasi humfikia kwa kiasi cha senti tisa za dola, na sidhani kama duniani pana jina la rahisi kuliko hilo. Kilichobaki ni kuzitumia tu: nikibuni kifaa kipya kila juma, bila kuugua wala kusafiri wala kuoza binti, nitaimaliza haki yangu baada ya miaka 1,256 hivi. Ni kama mtu aliyekwenda sokoni kununua kibaba cha mchele, akaelezwa kwa upole kwamba mchele ni rahisi mno, sharti auchukue wa jahazi zima, na kwamba akithubutu kumpimia jirani yake pishi moja atakuwa amevunja ahadi; maana mmemkataza mwenye namba kumkatia mwenziwe hata sehemu ndogo ya zile asizozihitaji.

Katazo hilo limezaa tabia za ajabu. Wengine huchukua kimyakimya namba ya kampuni kubwa, wakiomba Mungu bidhaa ya kampuni hiyo na yao zisikutane katika kompyuta moja. Wako pia watu wa ukarimu wagawao bure namba za bidhaa chini ya namba 1209, ambayo mwenyewe wa awali alikwisha kufunga biashara, sadaka ambayo masharti yenu ya leo yasingeiruhusu hata kuanza.

Na laiti jambo lingekoma hapo! Namba hiyo ndiyo iandikwayo katika faili ya INF inayoiarifu Windows kuwa draiva ni ya kifaa gani, na faili hiyo hutiwa saini pamoja na draiva yenyewe, hata ukibadili herufi moja baadaye saini hubatilika. Tangu Windows 10 toleo la 1607, mwaka 2016, draiva mpya ya kuingia katika kiini cha mfumo hutakiwa saini ya Microsoft wenyewe, na mlango wa kuombea saini hiyo hufunguliwa kwa cheti wanachouziwa wenye kampuni zilizosajiliwa, si fundi mwenye meza moja. Hilo siwalaumu nyinyi, wala kwa hakika silaumu sana, kwa kuwa wahalifu wa draiva wapo kweli. Tena pana njia ya kulikwepa: tangu Windows 8 kifaa chaweza kutamka chenyewe kwamba kinaridhika na WinUSB, draiva iliyomo tayari ndani ya Windows, kisihitaji nyingine, au kikajidai kuwa ni kibodi, kwani kibodi huaminiwa na kila kompyuta, hata iwe haina kitufe kimoja. Lakini kibodi ya uongo nayo huulizwa namba.

Nastaajabu zaidi kwa kuwa katika majina yenu wenyewe mmekuwa wakarimu kupita kiasi. Mwendo uliotoka mwaka 2008 kwa jina la USB 3.0 mliuita baadaye USB 3.1 Gen 1, kisha USB 3.2 Gen 1, bila mwendo wenyewe kuongezeka hata chembe.

Basi ombi langu ni hili: tengeni namba moja ya mtengenezaji iwe ya mafundi wadogo, kila mmoja apewe humo nafasi moja kwa bei ya hesabu yenu wenyewe. Senti zangu tisa ziko tayari. Ila tafadhalini mniarifu nizitume kwa njia gani, maana ada ya benki ya kupeleka fedha ng'ambo inazipita mara mia kadhaa.

Ni mimi mtiifu wenu,
Mwenye kipima joto