Gazoni Juu ya Volkano

Goma udongo unauzwa. Mgeni wa Morogoro akisikia hivyo anadhani ni mzaha, maana kwao mtu akitaka nyasi anachukua jembe. Sisi tukipiga jembe tunatoa cheche. Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga lava hadi katikati ya mji. Ilipopoa watu wakarudi, wakajenga juu yake, na mawe yake yakawa kuta za uzio. Mei 2021 mlima ukashuka tena, ukaishia Buhene. Hapa hata kuchimba choo ni kazi ya baramini na matusi.

Ndipo bwana wangu akavuka mpaka kwenda arusini Gisenyi, akakanyaga nyasi za hoteli bila viatu, akarudi mgonjwa. “Mama watoto,” akasema, “nyumba bila gazoni ni depo.”

Udongo ukaja, chukudu baada ya chukudu, kila msukumaji akiapa kwamba wake umetoka Masisi, palepale wanapolala ng’ombe. Tukautandaza juu ya mawe, ukapendeza. Usiku mvua ikapiga. Asubuhi mawe yalikuwa yametoa vichwa tena. Lava ina nyufa na matundu. Mvua ikinyesha inazama humo, ndiyo maana mji wetu hauna mto hata mmoja. Safari hii lava ilikuwa imekunywa na udongo wa watu.

“Kwanza ushibishe jiwe, Mama,” akasema zamu wetu, mlinzi mzee wa Rutshuru. Tukaziba nyufa kwa changarawe na magunia makuukuu, kisha tukanunua udongo upya. Bwana wangu alihesabu zile faranga akitazama pembeni, kama anayechomwa sindano.

Paspalamu tulipewa na rafiki wa Himbi. Vipande vikapandwa kwa mistari, vikashindiliwa kwa ubao ili mizizi ishike, vikashika. Ila ule udongo hakuna aliyeuambia kwamba umebadilishiwa kazi. Ukaotesha lengalenga, ukaotesha viazi, kisha maharagwe yakaanza kupanda ukuta. Mama jirani, mwenye heshima zake, akawa anabisha hodi na kisu mkononi. Bwana wangu akaamuru magugu yang’olewe. “Ndiyo, Papa,” akajibu zamu, akang’oa paspalamu.

Nilipomuuliza, alinitazama kwa huruma. “Mama, kati ya haragwe na nyasi, gugu ni lipi?” Sikupata jibu, na jioni ile chungu chake kilikuwa kikitokota vizuri sana.

Paspalamu ikapandwa tena. Kiangazi kikaingia, bomba likakauka. Maji ya ziwani yakaanza kupanda kwa bido za lita 20, na bwana wangu akawa anayamwaga chini mchana kweupe, mbele ya akina mama waliotoka kupanga foleni ya maji hayohayo. Nilimshauri amwagilie usiku. Gazoni ingefaidi ubaridi, nasi tungebaki na marafiki.

Wa mwisho kuikagua ni mama mkwe, aliyeshuka kutoka Masisi na jibini zake. Aliizunguka polepole, akainama, akavuta jani, akalitafuna.

“Nyasi nzuri,” akamwambia mwanawe. “Ng’ombe wako wapi?”

“Ni ya kutazama tu, Mama.”

Mama mkwe hakubishana. Jana amepiga simu: ndama amepakiwa kwenye lori la viazi, atafika Jumamosi, na tusimpe majani ya sokoni kwa kuwa malisho anajua tunayo.