Kaboni Haina Huruma

Hongera, kaka, kwa viatu vipya vya baiskeli. Umevinunua asubuhi, namba ile ile ya viatu vya ofisini, na kufika Pugu vidole vimekufa ganzi, lawama zote kwa barabara. Eti vitalegea vyenyewe! Soli ya kaboni hailegei. Utakayelegea ni wewe. Viatu hivi hujaribiwa jioni, miguu ikiwa imevimba kwa joto na mizunguko, na soksi zile zile za safari: kisigino kisichomoke, vidole vipate pa kucheza, na kile kibao cha chini kinachonasa kwenye pedali kikae usawa wa shina la kidole gumba, si nchani. Lakini nani asubiri jioni, na picha inapigwa asubuhi?

Mlimani ulisimama, mguu ukagoma kunasuka, ukaanguka polepole kwa heshima zote. Akapita muuza mkaa akisukuma baiskeli yenye magunia mpaka juu ya kichwa chake, miguuni katambuga za tairi zilizomkaa sawasawa. Akakupa pole. Kisha, kwa adabu, akakushauri uvue.