Bugi la Jumapili Mchana

Mxiu! Nimesonya, na nitasonya tena. Juzi hapa kijiweni, muuza kahawa hata hajamaliza kusuuza vikombe, kijana mmoja anayeuza makava ya simu katamka kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufanya utafiti: Bongo haijawahi kuwa na roki, labda umtaje Freddie Mercury. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Hata mzee wetu wa drafti, ambaye kwa umri wake alikuwa kijana miaka ya sitini na sabini, akasogeza kete yake asiseme neno.

Jamani, Freddie Mercury! Farrokh Bulsara, ndiye huyo, kazaliwa Unguja mwaka 1946, hilo halina ubishi, na watu wa Mji Mkongwe wana haki ya kumwonea fahari. Lakini mwaka 1964 yeye na wazazi wake wamekwisha kuhamia Uingereza, na roki yake kaipigia huko, na Waingereza. Sasa kila roki ikitajwa sisi tunakimbilia kwake, kama mtu anayesifia mtoto wa jirani aliyeko ughaibuni wakati wa kwake aliyekuwa akikuna gitaa uani hamjui. Dar es Salaam ilikuwa na roki yake. Ilikuwa nayo kwa muongo mzima, na ilipigwa mchana kweupe.

Mchana, nasema, maana usiku ulikuwa wa wakubwa. Usiku kulikuwa na NUTA Jazz, Dar Jazz, Western Jazz, watu na mashati yao yaliyonyooshwa, meza zimejaa bia. Kijana wa sekondari usiku angekwenda wapi, na angerudi na basi gani? Yeye siku yake ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Ukumbi ule ule wa wazazi unageuka wake mpaka magharibi. Na hakusema anakwenda dansini. Dansi ni ya baba. Yeye anakwenda bugi.

Kwenye bugi kulikuwa na The Rifters, The Sparks, Barkeys, Tonics, Safari Trippers, Afro 70. Ni vijana wa mjini wenye suruali za bugaluu zinazofagia sakafu na, miaka michache baadaye, viatu vya raizoni vinavyomwongezea mfupi kimo. Walipiga James Brown, Otis Redding, Wilson Pickett, Beatles, Santana, Jimi Hendrix. Mipaka baina ya soul na roki mnayoiona leo kwenye simu zenu haikuwepo ukumbini. Gitaa la umeme likilia na dramu zikijibu, hilo ni bugi, basi.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mbeba vyombo wa bendi mojawapo ya namna hiyo. Hakuwahi kupanda jukwaani kupiga, alipanda kufunga waya. Yeye ndiye aliyenifundisha nisidharau kopi. Mnasikia neno kopi mnadhani ni wizi. Hebu fikirini: huna noti zilizoandikwa, huna mwalimu, unayo sahani moja ya santuri uliyoazima mpaka kesho asubuhi. Unaweka sindano, unasikia mpiga solo anachofanya, unainua sindano, unarudisha, unainua, unarudisha, mpaka mwenye santuri anaanza kulalamika kuwa mifereji inaisha. Maneno ya Kiingereza unayaandika kama sikio lilivyoyapokea. Jumapili unasimama mbele ya vijana mia kadhaa ambao nao wanaijua ile sahani, ukikosea wanakuzomea hapo hapo. Mjomba alisema katika ile bendi yao hapakuwa na mpiga bezi aliyefundishwa na mtu. Wote waliokota kwenye santuri.

Wakubwa nao walikuwa wakiyaona haya. Tena mapema kuliko tunavyodhani. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipohutubia kama Rais wa Jamhuri na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliitaja rock and roll kwa jina lake, pamoja na rumba, chachacha na twist. Akauliza ni wangapi katika waliosoma wanaozijua gombesugu, mangala, konge, nyang'umumi, kiduo au lelemama. Kama roki haikuwepo hapa, Mwalimu aliitaja ya nini? Ilikuwa imekwisha kuingia, kwa santuri na kwa filamu za Elvis Presley kwenye majumba ya sinema.

Mimi swali lile la Mwalimu sina ugomvi nalo. Lilikuwa swali la haki, na hadi leo linauma. Niulizeni mimi nyang'umumi inachezwaje, nitainamisha kichwa. Ninachosonyea ni waliolichukua swali wakaligeuza fimbo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana. Wengine hata Januari hawakuisubiri. Pale stendi ya mabasi Kariakoo wasichana walizomewa, wakashikwa, wakachaniwa nguo mbele ya watu. Mwaka wa 1969 haujaisha, mwezi Novemba, uongozi wa Mkoa wa Pwani, maana Dar wakati ule ilikuwa ndani ya Pwani, ukapiga marufuku muziki wa soul.

Soul! Muziki wa watu weusi wa Marekani, ambao mwaka mmoja nyuma yake James Brown alikuwa ameufanya kuwa sauti ya kujivunia weusi. Nchi iliyompokea Malcolm X, iliyowapa hifadhi wapigania uhuru wa kusini yote, inamkataza mtoto wake kumcheza James Brown kwa sababu si utamaduni wetu. Magazeti yalijaa barua. Wapo walioshangilia. Wapo waliouliza kwa nini basi rumba ibaki, kwani nayo imetoka Kilosa? Sijaona jibu lolote la maana kwa swali hilo, na nimewasikiliza watu wazima wengi hapa kijiweni wakijaribu.

Lakini msije mkaondoka mnasema amri ndiyo iliyoua. Aa wapi! Angalieni tarehe. Marufuku ni ya 1969, na miaka ya sabini ilipoingia ndipo kundi kali kuliko yote likakomaa. Sunburst. Kijana wa makava, lishike jina hilo. James Mpungo anaimba, Hembi Flory Kongo kwenye gitaa, Kassim Magati kwenye kinanda, na mwenzao aliyejulikana kama Johnny Rocks. Kongo damu yake ya upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Ndivyo Dar ilivyokuwa, mji wa kila aliyefika. Muziki wao waliuita Kitoto, na usidanganywe na jina. Lile gitaa linakwaruza kama msumeno kwenye bati, kinanda kinapanda juu yake taratibu, halafu Mpungo anaingia na sauti nzito inayotoka tumboni.

Na waliimba nini? Hapa ndipo moyo wangu unapochemka. Wana wimbo unaoitwa "Enzi za Utumwani". Wana mwingine unaoitwa "Simba Anguruma". Ni Kiswahili, na wameamua wenyewe, hawakushurutishwa na mkuu wa mkoa yeyote. Vijana walewale walioambiwa wamepotea, wanaiga wageni, hawana nchi, ndio waliochukua gitaa la Hendrix wakalielekeza kwenye habari ya babu zao kufungwa minyororo. Walikuwa wanajibu lile swali la 1962 kwa lugha ya umri wao. Nani aliwasikiliza?

Sasa niwaambie kilichoua. Vyombo.

Hesabuni. Bendi inataka gitaa la solo, la rizimu, la bezi, seti ya dramu, kinanda, maiki, na ampli za kuvilisha vyote hivyo umeme. Hakuna hata kimoja kilichotengenezwa Tanzania. Kila waya ni fedha za kigeni. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, uingizaji wa bidhaa kwa sehemu kubwa ulikwenda kwenye Shirika la Biashara la Taifa, STC. Sikilizeni vizuri: STC hiyo hiyo ilikuwa na bendi yake, STC Jazz, na Marijani Rajabu mwenyewe alipitia huko kabla ya kwenda Safari Trippers mwaka 1972. Chama cha wafanyakazi kina bendi. Polisi wana bendi, jeshi lina bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki kina bendi tangu 1970. Na ule Umoja wa Vijana wa TANU, uliosimamia Operesheni, mwaka 1971 ukaanzisha yake, Vijana Jazz. Mwanamuziki wa bendi hizo analipwa mshahara mwisho wa mwezi na vyombo vinanunuliwa na mwajiri. Sizilaumu, zimetupa nyimbo ambazo nitazikwa nazo kichwani. Lakini kijana wa bugi angeshindana vipi? Yeye vyombo kaazima kwa mfanyabiashara au mwenye hoteli, na mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mkigombana, anakusanya waya zake, bendi imekufa jioni hiyo hiyo. Kiingilio cha Jumapili kikigawanywa, mwenye vyombo kwanza, mwenye ukumbi wa pili, wapigaji wanabaki wakitazamana. Mjomba alikuwa analipwa chakula na nauli.

Halafu kurekodi. Studio ilikuwa ya Radio Tanzania, barabara ya Pugu, hii tunayoiita sasa ya Nyerere. Ukirekodi pale nchi nzima inakusikia, ila utepe unabaki redioni, wewe hurudi nyumbani na sahani ya kuuza. Kiwanda cha sahani hakikuwepo nchini, anayetaka sahani apande basi aende Nairobi. Sunburst walielekea upande mwingine, Zambia, na huko ndiko ilikotoka albamu yao, "Ave Africa", mwaka 1976, mwaka ule ule reli ya TAZARA ilipokabidhiwa rasmi. Kule walikuta bendi za umri wao, WITCH na Amanaz na wenzao, zinapiga fazi, ile sauti ya gitaa la kukwaruza, bila kuomba radhi, kwenye miji yenye mishahara ya shaba. Tuliwapeleka watoto wetu kusini, wao na Kitoto chao.

Februari 1977 mlango wa kaskazini nao ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, na mpaka wa Kenya ukapigwa kufuli lililokaa mpaka 1983. Siku hizo hizo, Lagos, tamasha la FESTAC likiwa bado linaendelea, Patrick Balisidya na Afro 70 walikuwa huko wanaiwakilisha Tanzania mbele ya Afrika nzima. Mwana wa bugi huyo! Mwakilishi wa taifa! Miaka miwili baadaye yuko Sweden anarekodi "Bado Kidogo" na wanamuziki wa kule. Alifariki mwaka 2004, na wimbo wake "Harusi" nina hakika Jumamosi hii utapigwa kwenye ukumbi fulani hapa mjini, watu wazima watainuka na vitambaa mkononi, na hakuna atakayekumbuka huyu alianzia wapi.

Wengine nao hawakufa, waliingia kwenye dansi na bugi lao masikioni. Marijani ndiye huyo, Safari Trippers ilipovunjika akaanzisha Dar International mwaka 1977. The Revolutions wakaja kuwa Kilimanjaro Band, Wana Njenje wetu. Msikilizeni mpiga solo wa dansi anapoachiwa nafasi katikati ya wimbo, anavyouvuta uzi mpaka unakaribia kukatika. Shule ile haikuwa ya ngoma ya kijijini peke yake, na haikuwa ya Kinshasa peke yake.

Mnajua leo mtu akitaka sahani ya Sunburst anaipata wapi? London. Mwaka 2016 lebo ya Uingereza, Strut, ilizikusanya rekodi zao ikazitoa upya, na picha na maelezo. Nawashukuru, lakini najisikia vibaya kushukuru. Mxiu.

Kijana wa makava alikuwa amenyamaza muda wote, simu yake imezima mkononi. Mwisho akaniuliza, "Sasa mzee, vile vyombo vilienda wapi?"

Nikamwambia ninachokijua. Gitaa la bezi la ile bendi ya mjomba lilichukuliwa na mwenyewe, likauzwa kwa kwaya. Dramu zilichanika, ngozi za kubadilishia hazikupatikana. Spika moja mjomba aliachiwa badala ya malipo yake ya miezi minne. Koni ilipokufa, alitoa sumaku na waya, akabaki na sanduku la mbao nzito lililovishwa kitambaa cheusi, na mkewe akalitumia kuhifadhia mchele kule Magomeni mpaka nyumba ilipouzwa. Ubavuni lilikuwa na jina la bendi kwa rangi nyeupe, limeandikwa kwa mkono, herufi ya mwisho imebanwa kwa sababu nafasi iliisha.