Mukawa Usio na Miiba

Mjomba alitoka Mbooni na mche ndani ya ndoo kuukuu ya rangi, akautua barazani kwetu Kitui, akatuambia ni mukawa, ule ambao Waswahili huuita mtandamboo. Hakuna aliyembishia. Majani yalikuwa magumu, yanang'aa, na ukikwanyua moja utomvu mweupe unachuruzika. Ulipochanua, vishada vya maua meupe yenye wekundu kidogo vilinukia hadi sebuleni, mama akausogeza karibu na dirisha. Baadaye yakaja matunda, mekundu yanayoelekea zambarau. Haukuwa na mwiba hata mmoja, na shangazi alilifurahia hilo kwa ajili ya watoto.

Ukambani, kama kwa Wamaasai, mizizi ya mukawa hutiwa kwenye supu. Jumamosi moja shangazi, magoti yakimuuma, alichimbua mzizi ndooni, akauosha, akaukatakata. Supu ya mbuzi ilikuwa inatokota. Susu, nyanya yetu, aliyekuwa ameteremka kwenye matatu ya Wote asubuhi hiyo, alipita barazani akapapasa tawi kutoka chini hadi juu.

“Miiba iko wapi?” Kisha akapaza sauti: “Usitie kitu sufuriani! Huu ni kivai!”

Kivai ndio msunguti, Acokanthera schimperi, jamaa wa karibu wa mukawa. Ndiyo maana utomvu, harufu na maua vinashabihiana hivyo. Wawindaji wa Kikamba walichemsha magome na vijiti vyake kwa saa nyingi hadi vikawa kitu kizito cheusi kama lami, wakapaka mishale iliyoangusha hata ndovu. Sumu yake, ouabaini, ambayo mkemia Mfaransa Arnaud aliitenga mwaka 1888, hushambulia moyo. Mukawa wa kweli una miiba mirefu, ndiyo maana hupandwa uwe ua wa boma.

Tuliwaita watoto mmoja mmoja, tukawauliza nani ameonja matunda. Mama alirudia swali kwa kila mtoto, mikono ikimtetemeka, mpaka aliporidhika kwamba hakuna. Shangazi aliosha kisu, ubao na mikono, akaviosha tena.

Mjomba alitaka mti ubaki nje kwa ajili ya maua. Susu alikataa katakata. Jumatatu alimrudisha Mbooni kuleta mukawa wenyewe, akamwagiza aushike kwanza kwa mkono mtupu. Usipomchoma, auache hapo hapo.