Barua ya Wazi kwa Bodi ya Mikopo Kuhusu Familia Isiyo na Kada

Mkurugenzi Mtendaji,
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu.

YAH: PENDEKEZO LA KUITAMBUA BODI KUWA MTAALAMU MKUU WA FAMILIA NCHINI

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Tangu ilipoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, Bodi imezichunguza familia za Kitanzania kwa bidii ambayo idara yoyote ya chuo kikuu ingeionea wivu. Humuuliza mwombaji kama amefiwa na mzazi, kisha hudai cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Huuliza iwapo kaya yake inanufaika na TASAF, mfuko wa serikali unaozisaidia kaya maskini. Humtaka mdhamini, ambaye katika mitaa mingi ya Mpanda, mkoani Katavi, huwa ni mjomba anayehitaji kudhaminiwa yeye mwenyewe. Na huukamilisha utafiti huo kwa sahihi ya mwenyekiti wa mtaa na muhuri wa kamishna wa viapo. Kwa kuwa yote hayo hufanyika bila kumhitaji msomi wa familia, kijana wa Katavi anayefikiria kuisomea fani hiyo anastahili kuelezwa kwa nini ajisumbue.

Fani yenyewe ipo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984 mjini Morogoro, hutoa shahada ya kwanza ya taaluma za familia na mlaji, mrithi wa kile ambacho wazee walikiita sayansi kimu, yaani elimu ya lishe, malezi, makazi, mavazi na matumizi ya mali ya kaya. Chuo hichohicho kina Kampasi ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe, ndani ya Katavi, lakini kampasi hiyo inafahamika zaidi kwa masomo ya nyuki, jambo ambalo si la kulaumiwa, maana asali ya Inyonga ina wateja na nyuki hawajawahi kufikishana mahakamani kwa ajili ya matunzo ya watoto. Basi anayetaka kujua jinsi nyuki wanavyoishi pamoja husomea mkoani kwake, na anayetaka kujua jinsi watu wanavyoishi pamoja hupanda treni ya Mpanda kupitia Kaliua na Tabora, mpaka Morogoro.

Gharama zinahesabika. Ikichukuliwa kwamba fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, kiwango kilichopanda kutoka 8,500, na kwamba mwaka una siku 240 za masomo, na kwa mfano tu kwamba Bodi inabeba ada ya shilingi 1,300,000 kila mwaka, mkopo wa miaka 3 hufikia shilingi 11,100,000. Sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016 humkata mwajiriwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo anayelipwa shilingi 800,000 hukatwa 120,000 kwa mwezi, na deni humwandama kwa zaidi ya miaka 7 na nusu. Serikali inastahili shukrani kwa kuifuta, mwaka 2021, tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ingawa shukrani hiyo humtoka vizuri zaidi mwenye mshahara wa kukatwa.

Na mshahara hutoka kwenye kada, yaani kundi la vyeo linalotambuliwa katika miundo ya utumishi wa umma. Zipo kada za Afisa Ustawi wa Jamii, Afisa Maendeleo ya Jamii na Afisa Lishe. Afisa Familia hayupo, na mhitimu hubaki kuchungulia kila tangazo la Sekretarieti ya Ajira akitafuta pale panapokaribishwa sifa zinazolingana, huku anayeamua kipi kinalingana na kipi hakilingani akiwa hajulikani alipo.

Laiti uhitaji ungekuwa ndio unaozaa ajira, nyumba za kupanga zisingepatikana Mpanda kwa wingi wa wahitimu hao. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 ukiwa na watu 564,604, ulikutwa na sensa ya 2022 ukiwa na watu 1,152,958, wakiwemo wenyeji wa Katumba na Mishamo, makazi ambayo wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliyajenga hadi wengi wao wakapewa uraia. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015–16 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito, kiwango kilichoupita mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Majaji wameshafanya sehemu yao; wa kuzunguka halmashauri za Nsimbo na Tanganyika, kijiji kwa kijiji, akikaa na baba aliyekwisha kupokea ng'ombe, hajatangaziwa nafasi.

Mhitimu hushauriwa ajiajiri. Afungue basi kibanda cha ushauri wa ndoa katika kata ya Mpanda Hoteli, ashindane na mashangazi, makungwi, mashehe na wachungaji wanaoifanya kazi hiyo bila malipo, pamoja na mabaraza ya usuluhishi wa ndoa yaliyowekwa na sheria hiyohiyo ya 1971, kisha kila mwezi aitolee Bodi marejesho ya mtu aliyejiajiri, yasiyopungua shilingi 100,000.

Bodi inaombwa kushauriana na Sekretarieti na kuchagua moja kati ya mawili. Ama kila moja ya halmashauri 5 za Katavi ipewe nafasi ya ajira kwa msomi wa familia, na mkopo wake utajwe kwa sauti ileile inayotumika kwa udaktari na ualimu wa hisabati; ama, ikiwa familia ni jambo ambalo kila mtu hulijua bila kulisomea, Bodi ianze kwa kuondoa katika fomu zake maswali yote kuhusu baba, mama, mjomba na kaya, kwa kuwa si matumizi mazuri ya fedha za umma kukusanya taarifa ambazo hakuna aliyeajiriwa kuzielewa.

Nakala: Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa taarifa, na kwa utekelezaji kada itakapopatikana.