Mwenye Saa Mbili

"Saa ngapi, mwanangu?" Mzee mmoja aliniuliza hivyo juzi kituoni Mwenge, jua limetuama utosini, nami nina saa mbili: ya kwangu mkono wa kushoto, ya kuazima kwa shemeji mkono wa kulia. Nilitaka kuzilinganisha wiki nzima. Mkono wa kulia ulikuwa pia na trei ya mayai.

Nikageuza wa kushoto. Kiza. Nikautikisa, saa ikaamka, lakini jua likaifuta. Nilichokiona kiooni ni pua yangu. Nikajaribu kuikinga kwa kidevu. Watu wakaanza kutazama.

Kioo cha OLED ni maajabu, sikatai. Kila kinukta ni taa inayojitegemea. Panapoonekana peusi, taa zimezimwa kabisa, ndiyo maana weusi wake ni wa masizi na rangi zake zinaruka. Ila taa zote hizo zinakula chaji, basi saa husinzia mpaka kihisi kitambue kwamba umegeuza mkono. Ikishaamka, ishindane na jua. Taa gani imewahi kulishinda jua la mchana? Ile ya shemeji haishindani na mtu. Nyuma ya nukta zake kuna tabaka linaloakisi mwanga, kwa hiyo jua lenyewe ndilo linaloiwashia. Likizidi kuwaka, nayo inazidi kusomeka.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Ndiyo maana nikageuza mkono wa kulia.

Mayai saba. Moja lilimfikia mzee kwenye kandambili. Na saa, safi kabisa, ikasomeka 13:12.

"Saa kumi na tatu na dakika kumi na mbili," nikamjibu.

"Jamaa ana saa mbili na hajui saa ngapi!" konda akadakia. Kituo kizima kikaangua kicheko, isipokuwa mzee. Yeye alitazama kivuli cha nguzo ya umeme, akasema, "Saa saba imepita kidogo," akapanda gari lake.

Kinachoniuma ni dukani. Mle ndani, kwenye feni na kivuli, ya OLED ilimeta kama kito, na zile za kuakisi zilipauka kama kanga kuukuu. Tunachagua kivulini, tunavaa juani. Halafu saa hizi, zinazohesabu mapigo ya moyo wangu hadi nikiwa usingizini, zinaanza siku usiku wa manane, wakati hata jogoo amelala. Nimelipa pesa zote zile, na bado natoa sita kichwani kama mtoto wa darasa la kwanza.

Umbo nalo. Samsung walianza na mraba mwaka 2013, wakahamia duara mwaka 2015; mwaka huohuo Apple wakaja na mstatili wao, hawajauacha. Yangu ni duara. Jana mama watoto aliniandikia ujumbe, ukingo ukameza herufi tatu za mwanzo. Kilichobaki ni "sahau mayai".

Nikatii.